Sikio la Mkanda

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatano, roboti ya mazoezi ilimtegua bega mwalimu mkuu mstaafu mbele ya mdogo wake wa tumbo moja, na mdogo mtu akasema, "Afadhali."

Neno hilo ndilo Sajini aliloliandika la kwanza kwenye daftari lake alipofika saa nne kasorobo.

"Ulisema afadhali?" alimuuliza.

"Nilisema, na ukitaka nitarudia." Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, fimbo ya kaka yake imelala mapajani. "Miezi mitano namwogesha, namvalisha, namleta hapa. Kila siku ananiita mjinga. Kiharusi kilimchukulia maneno yote, Afande, kikamwachia hilo. Wewe ungesemaje?"

Sajini aliinamisha kichwa. Kabla ya kuhoji mtu alikuwa na desturi ya kuomba kimoyomoyo, maneno yale yale kila mara: Ee Mola, nizuie nisimhukumu mtu kwa kumtazama. Aliomba, akafunga daftari, akaingia chumba cha mashine.

Mzee aliyeumia watu walimwita Bakora, na waliomwita hivyo wengi wao walikuwa wameionja. Kiharusi kilikuwa kimempooza mkono wa kulia, na mashine ilikuwa ikimfundisha upya kuuinua. Ilikuwa na kiti kipana na mkono wa chuma uliolala sambamba na mkono wa mgonjwa, ukifungwa kwa mikanda mitatu ya kunata: begani, kiwikoni na kwenye kifundo. Mgonjwa anajitahidi kuinua, nguvu zikimwishia mashine inamalizia. Bakora alitakiwa kuinuliwa mpaka usawa wa kifua. Asubuhi hiyo mashine ilimpandisha mpaka juu ya kichwa, kwa nguvu ya kubishana na mtu mzima.

"Nilibonyeza kitufe chekundu mara moja," alisema mtaalamu wa mazoezi, binti mwembamba ambaye wagonjwa walimwita Dada Viungo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Zilipita sekunde mbili tu, Afande. Bega la mgonjwa wa kiharusi limelegea. Sekunde mbili ni nyingi."

Mkurugenzi wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Afande, usijichoshe," alisema. "Mashine haina chuki na mtu. Imepewa amri, na amri imetolewa kwa namba ya siri ya huyu binti. Gari la kuiondoa linakuja saa kumi. Nataka na yeye awe ameondoka kabla ya saa hiyo."

"Aondoke aende wapi?"

"Huko mnakowapeleka."

Dada Viungo aligeuka. "Niondoe mimi. Mashine iache. Nina wagonjwa ishirini na sita. Yupo mama alianza kushika kijiko Jumatatu. Juzi tu!"

"Kijiko!" alisema Mkurugenzi. "Mwenzake kavunjwa bega, yeye anahesabu vijiko."

Sajini alimfungia mlango, taratibu lakini usoni.

"Nionyeshe," alimwambia binti.

Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kumbukumbu ya kila kilichotendeka. Saa moja na dakika arobaini asubuhi mtu alifungua ukurasa wa Bakora kwa namba ya Dada Viungo. Mashine hiyo haikubali kuongezewa nguvu ikiwa tupu: lazima mkono uwe ndani, nao uinuke mara tatu bila kusaidiwa. Kumbukumbu ilionyesha mkono ulioinuka mara tatu, laini, bila kutetemeka. Kisha kikomo cha nguvu kikapandishwa mpaka mwisho.

"Mkono mzima, basi," alisema Sajini.

"Mzima kabisa. Na wa kulia. Wiki hii mashine imefungwa upande wa kulia, kuigeuza ni kazi ya fundi."

"Namba yako anaijua nani?"

"Mimi." Kisha binti akainamisha kichwa. "Na kila aliyewahi kukaa hapo akanitazama nikiibonyeza. Ni tarakimu nne tu. Huwa nabonyeza huku nawapigisha soga wasiogope. Sikuwahi kuificha. Nani angejificha mbele ya watu wasioweza hata kushika kalamu?"

Sajini aliikagua mikanda. Ilikuwa misafi, bado inanuka sabuni. Mama wa usafi aliifua kila jioni na kuirudisha saa moja asubuhi, ikiwa imenyooka. Miwili ilikuwa imenyooka. Ule wa kifundo ncha yake ilikuwa imekunjwa kwa nyuma, ikasimama kama sikio la mbuzi.

"Hii umeikunja wewe?"

"Hapana. Niliikuta hivyo nilipokuwa namfunga mzee, mgonjwa wangu wa kwanza leo. Sikuitilia maanani."

Sajini alichora lile sikio kwenye daftari, akaenda kumtafuta fundi.

Fundi wa mitambo alimpokea kama mwenye nyumba anavyompokea kunguru. Alikuwa kwenye stoo, anapanga spana kwa ukubwa.

"Mmekuja kwangu upesi," alisema. "Nilidhani mtaanza na mashine, muipige pingu."

"Mwezi uliopita Bakora alikupiga fimbo, ukamwambia mbele ya watu atakukumbuka."

"Alinipiga ya mgongoni nikiwa nimeinama. Mimi nina wajukuu, Afande! Nilimwambia atanikumbuka, na nataka anikumbuke. Lakini sikia nikwambie." Alichomoa ufunguo mdogo mfukoni. "Mashine ile ina kidirisha nyuma. Kwa ufunguo huu naibadilisha nitakavyo nikiwa nimesimama, na haiandiki chochote. Kwa nini nikae kwenye kiti, nijifunge mikanda, niinue mkono mara tatu kama mtoto wa chekechea, halafu niache na kumbukumbu? Nina chuki, sina upumbavu."

Lilikuwa jibu zuri, na Sajini hakulipenda, maana majibu mazuri kupita kiasi yalimtia mashaka. Mashaka yakazidi alipomhoji mgonjwa wa saa nne, ambaye zamu yake ilikuwa imeahirishwa.

Huyo aliitwa Dereva, kwa sababu alikuwa ameendesha lori miaka ishirini kabla kiharusi hakijamshusha. Aliketi mwisho wa benchi, mkono wa kulia umelala tumboni ndani ya kitambaa kilichoning'inizwa shingoni. Alikuwa wa kwanza kufika kila siku. Mkewe alifanya kazi kwa dobi, akawa anamwacha hapo saa moja na robo na kumfuata adhuhuri.

"Wewe ndiye shahidi wangu," Sajini alimwambia kwa upole. "Benchi hili linatazama mlango ule. Saa moja na dakika arobaini aliingia nani?"

Dereva alitazama kushoto na kulia. "Sipendi kumchongea mtu, Afande. Mimi ni mlemavu, nani atanitetea?"

"Sema."

"Fundi. Alitoka mle ndani kama saa mbili kasoro hivi, ana spana. Akaniona, akaweka kidole mdomoni ninyamaze."

Sajini alirudi stoo akiwa na pingu mkononi. Fundi alizitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Saa moja na nusu mpaka saa mbili nilikuwa juu ya ngazi getini, nabadilisha taa. Mlinzi kaishika ngazi. Muulize, kama ataacha kusimulia nilivyomdondoshea bisibisi kichwani."

Mlinzi aliulizwa. Alionyesha nundu kwanza, kisha daftari la getini. Kwa nusu saa ile wawili hao walikuwa wameziba geti, na hakuna aliyepita. Dada Viungo aliingia saa mbili na dakika kumi. Bakora na mdogo wake waliingia saa tatu kasorobo. Mlango wa nyuma haukufunguliwa mpaka saa mbili.

"Kwa hiyo ndani kulikuwa na nani?" Sajini aliuliza.

"Hakukuwa na mtu," alijibu mlinzi. "Mama wa usafi tu. Na Dereva, lakini huyo yupo yupo tu."

Mkurugenzi alipozisikia habari hizo alibadili mshtakiwa bila kumeza mate. "Basi ni mfagiaji! Bakora alimmwagia ndoo yake wiki iliyopita, akamwita mjinga mbele ya wageni."

Mama wa usafi aliletwa, mikono imejaa povu.

"Mimi?" alisema. "Niache kazi nikakae kwenye kiti cha watu wazito nijifunge kamba? Mkurugenzi, hata kiti cha kawaida hapa hujanipa miaka sita. Nilikuwa ghorofani nadeki. Hiyo mashine ikiniangalia tu nasoma dua."

Lakini juu ghorofani hakukuwa na wa kumshuhudia, na Sajini alijua kwamba maskini asiye na shahidi hufungwa kirahisi. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tano.

Alipanda kumwona Bakora kwenye wodi ndogo ya juu, isiyolaza mtu usiku. Mzee alikuwa amelazwa nusu kukaa, bega limefungwa, uso wa kijivu kwa maumivu. Mdogo wake alikuwa pembeni.

"Mwalimu, shikamoo," alisema Sajini. "Nani anakuchukia hapa?"

Mdogo mtu aliguna. "Uliza nani hamchukii, ufupishe kazi."

Bakora alifumbua macho. Alihangaika, midomo ikitafuta, mishipa ya shingo ikamsimama. "Ki... kikombe," alisema. "Kikombe! Kikombe, mjinga!"

Mdogo mtu alimimina maji kwenye kikombe cha plastiki, akampelekea mdomoni. Mzee alikipiga kwa mkono wake mzima, maji yakamlowesha mdogo mtu kifuani.

"Unaona?" alisema mdogo mtu, akijikung'uta. "Tangu Jumamosi ni hilo. Kikombe, kikombe. Ukimpa, anakupiga nacho. Mwalimu wa maneno anasema ni dalili nzuri, eti maneno yanarudi moja moja, wiki mbili hizi atapata na mengine. Mimi naomba yasirudi!"

Sajini aliokota kikombe. Aliona kwamba mzee hakuwa na kiu. Alikuwa na hasira ya mwalimu ambaye jibu liko ubaoni na darasa zima limelala.

Aliposhuka, mke wa Dereva alikuwa amefika. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imechubuka kwa sabuni. Alimnywesha mumewe chai kwa kikombe, akamfuta mdomo, akamfunga kifungo cha mkono wa kushoto wa shati, ambacho kilikuwa kimefunguka. Yote aliyafanya upesi na bila kumtazama usoni.

"Pole kwa uuguzi, shemeji," alisema Sajini.

"Pole ya nini? Nililihama boma lake mwaka juzi na nguo zangu kwenye mfuko wa rambo. Miezi minane iliyopita wakaniita, njoo, mumeo kaanguka. Nikarudi. Mtu hamwachi mgonjwa, Mungu anaona." Alikaza kifuniko cha chupa ya chai. "Lakini nilimwambia mbele ya ndugu zake. Kifungo cha mkono wa kushoto hufungwa na mkono wa kulia. Siku utakayokifunga mwenyewe, nitajua umepona, na mimi naenda zangu."

"Maneno makali," alisema Sajini.

"Si makali kama alivyokuwa yeye alipokuwa na mikono miwili."

Dereva alitazama sakafu.

Sajini alirudi chumba cha mashine na kufungua daftari kwenye ule mchoro.

"Dada, mkanda kuukunja hivi ni mtindo wa nani?"

Dada Viungo alitazama, akashangaa kuulizwa. "Ni wa wagonjwa. Nawafundisha mimi. Mwenye mkono mmoja akiufunga mkanda ukalala, haoni mwisho wake wala hawezi kuubandua. Kwa hiyo kwanza unakunja ncha, unapata sikio la kushika. Wakishazoea wanakunja kila kitu, mpaka mikanda ya viatu vyao."

"Wewe hukunji?"

"Mimi nina mikono miwili. Naubandua na kucha. Hata fundi, hata mama wa usafi."

Maneno yalimtoka, kisha akayasikia mwenyewe. Akakaa.

"Mashine inasema alikuwa na mkono mzima," alisema Sajini polepole. "Mkanda unasema alikuwa na mazoea ya mkono mmoja. Mmojawapo anasema uongo?"

"Mashine haiwezi..."

"Wala mkanda. Basi yupo mtu hapa mwenye vyote viwili."

Alimwomba Mungu msamaha papo hapo, amesimama. Asubuhi nzima alikuwa ameomba asimhukumu mtu kwa kumtazama, na asubuhi nzima alikuwa amemsamehe mmoja kwa kumtazama. Kisha akapanda wodini mbio, ameshika kikombe.

Alikiweka ukingoni mwa meza ya Bakora, akakisukuma. Kilipoanguka, alikidaka kwa mkono wa kulia. "Jumamosi, pale kwenye benchi, ulimwona mtu anadaka hivi, Mwalimu? Mtu asiyetakiwa kuweza?"

Mzee alipiga godoro kwa furaha, machozi yakimtoka. "Kikombe!" alisema. "Kikombe, kikombe!" Na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano hakumalizia kwa kumwita mtu mjinga.

Saa nane mchana Sajini aliwakusanya wote chumba cha mashine: Mkurugenzi, fundi, mama wa usafi, mdogo wake Bakora, Dereva na mkewe. Nje, gari la kubebea mashine lilikuwa tayari limewahi, linanguruma.

"Nataka kuona mashine inavyofanya kazi kabla haijaondoka," alisema. "Dereva, tusaidie. Taratibu tu."

Dereva alisita. Watu saba walikuwa wakimtazama. Alivua kitambaa cha shingoni, akakaa kitini. Dada Viungo alimfunga mikanda, akaweka kikomo cha chini kabisa. Mkono wa chuma ulimpandisha polepole. Mstari mwekundu kwenye kioo ukaonyesha jinsi mkono wake ulivyokuwa ukikataa. Kisha binti akaongeza mwendo kidogo. Mstari haukubadilika.

"Ukimkunjua mgonjwa wa kiharusi taratibu, mkono unakubali," Dada Viungo alieleza. "Ukiongeza mwendo, misuli inakaza. Mgonjwa hachagui, inajikaza yenyewe. Dereva alikuwa hivyo miezi sita. Miezi miwili sasa anakataa sawasawa, taratibu au haraka. Nilifurahi. Nilidhani mkazo umepungua, nikamwombea." Alimtazama Dereva. "Mtu anayekataa kwa makusudi ndiye anayekataa sawasawa."

"Mnanitesa!" Dereva alipiga kelele. "Mkono huu umekufa! Mashine imevunja mtu asubuhi, mchana mnaiamini?"

"Jumamosi kikombe cha chai kilikuponyoka hapo nje," alisema Sajini. "Ukakidaka kwa mkono wa kulia kabla hujajikumbuka. Bakora alikuona. Hana maneno ya kusema, ila moja, na akawa analirudia mbele ya kila mtu, huku mwalimu wake anasema mengine yanarudi. Leo saa moja na dakika arobaini fundi na mlinzi walikuwa getini, mama wa usafi yuko juu. Ulikaa hapo ulipokaa sasa, ukakunja mkanda kama ulivyozoea, ukainua mkono mara tatu. Namba uliiona mara mia. Kisha ukamsingizia fundi. Mtu ambaye hakutenda neno angesema tu hakumwona mtu."

"Mlaaniwa!" alisema fundi. "Eti niliweka kidole mdomoni anyamaze!"

"Kwa nini ajifanye kilema?" aliuliza Mkurugenzi. "Anapata nini?"

Sajini alimgeukia mke wa Dereva, na wote wakageuka naye.

Mwanamke alikuwa bado ameshika chupa ya chai. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu anayepiga hesabu ya siku: sabuni, vifungo, vijiko, miezi miwili mizima.

"Bega la yule mzee," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Ulivunja bega la mtu ili niendelee kukunywesha chai?"

"Nilitaka waache kumleta hapa, basi. Sikutaka..." Dereva akaona alikofika. Akajaribu njia nyingine. "Mke wangu, hawa wana chuki na mimi. Wewe unanijua. Mkono huu wewe ndiye umeuosha."

Dada Viungo alikuwa ameshamfungua mikanda. Katika purukushani kifungo cha mkono wa kushoto wa shati kilikuwa kimefunguka tena. Dereva aliunyoosha ule mkono kwa mkewe, kama alivyounyoosha kila siku, hata bila kufikiri.

Mwanamke alikitazama kifungo muda mrefu. Nje, injini ya gari ilizimwa.

"Funga mwenyewe," alisema.

Hakuna aliyesogea. Dereva alimtazama mkewe, akatazama mlango, akamtazama Sajini na pingu zake. Kisha mkono wa kulia ukainuka kutoka mapajani, laini, bila kutetemeka. Vidole vikashika kifungo, vikakipitisha kwenye tundu kwa mara moja.

Mke wake aliiweka chupa ya chai sakafuni, miguuni pa mumewe, akatoka.